Kompyuta ya ofisi ina «milango» mingi wazi: nizime huduma zipi za mtandao?

«Mtaalamu, habari za kazi. Nina ofisi ndogo ya utalii hapa Arusha, karibu na Mnara wa Saa. Tuna kompyuta tatu: ya mapokezi ina Windows 10 Pro, laptopu ya mhasibu ina Windows 11 Home, na kuna moja ya zamani yenye Windows 7 tunayoskania pasipoti za wageni. Zote ziko kwenye ruta moja, na mgeni akiomba Wi-Fi tunampa nenosiri hilohilo. Juzi kijana aliyekuja kufunga kamera aliandika netstat kwenye kompyuta ya mapokezi, akaniambia ina milango mingi iko wazi: 135, 139, 445, 3306, 3389, 5040, 5357, 7070, 7680 na nyingine za 49 elfu huko. Niliogopa. Kwenye kundi la WhatsApp nikapata orodha ya huduma 40 za Windows za kuzima, nikazima kama 15. Intaneti ikakata na printa ikapotea kabisa. Fundi wetu yuko Moshi, huwa anaingia kwenye kompyuta akiwa hukohuko, kuna kitu alikitengeneza kwenye ruta ili aweze, lakini safari hii ameshindwa kuingia. Nizime zipi, niache zipi? Na je, antivairasi na faiawoli hazitoshi?»

Pole sana kwa usumbufu. Kompyuta haijaharibika, na usikubali mtu akuambie ipigwe Windows upya. Umezima huduma ambazo Windows yenyewe inazitegemea ili iwe kwenye mtandao. Tuzirudishe hizo kwanza, ndipo tuzungumzie usalama.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, kisha Enter. Kwenye orodha itakayofunguka tafuta DHCP Client. Hii ndiyo inayoiomba ruta anwani. Ikizimwa, kompyuta inakosa anwani na intaneti haipatikani hata kama waya ni mzima na taa za ruta zinawaka. Ibofye mara mbili, kwenye Startup type chagua Automatic, bofya Apply, halafu Start. Fanya hivyohivyo kwa Network Location Awareness na Print Spooler, na kama kompyuta inatumia Wi-Fi, WLAN AutoConfig pia. Function Discovery Provider Host na SSDP Discovery ziweke Manual. Zima kompyuta, uiwashe tena. Ikiwa bado hakuna intaneti, bonyeza tena Windows na R, andika rstrui, uangalie kama kuna tarehe iliyohifadhiwa kabla hujaanza kuzima. Kurudi kwenye tarehe hiyo hakufuti nyaraka zako, kunarudisha mipangilio tu, ingawa programu ulizoweka baada ya hapo zitaondoka.

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe. Kijana wa kamera hakukudanganya, ila alikupa nusu ya habari. Wingi wa poti (hiyo «milango» aliyoitaja) zilizo wazi haukuambii kama uko hatarini. Windows mpya kabisa, imetoka tu kwenye boksi, ukiandika netstat itakuonyesha poti kadhaa. Na inawezekana kompyuta yenye poti moja tu ikawa hatarini kuliko yenye 20.

Kompyuta iliyo kwenye mtandao ina anwani, tuseme 192.168.1.20, lakini ndani yake kuna programu nyingi zinazopokea mawasiliano. Ili Windows ijue kipi ni cha nani, kila programu inajitwalia namba kati ya 1 na 65535. Namba hiyo ndiyo poti. Programu ikishasema «kikija chochote cha namba 445 nipe mimi», netstat inaandika LISTENING, yaani inasikiliza. Kikija kitu chenye namba isiyo na mwenyewe, hakipati wa kukipokea na mambo yanaishia hapo. Kwa hiyo poti iliyo wazi maana yake ni kwamba kuna programu inayofanya kazi nyuma yake, na usalama wa poti ni usalama wa programu hiyo.

Uzito wa jambo uko hapa: programu inayosikiliza inalazimika kusoma ilicholetewa kabla haijamjua aliyekileta, kama mhudumu wa mapokezi anayefungua kila bahasha ndipo aulize imetoka kwa nani. Anayeomba kuingia kwenye folda yako kwa njia ya mtandao hupitia hatua kadhaa za kutambulishana kabla ya kuulizwa nenosiri. Kukiwa na kasoro kwenye hatua hizo za mwanzo, mtu anatuma ujumbe uliopindwa makusudi, programu inajikwaa na kuanza kutekeleza amri zake. Nenosiri lako, hata liwe refu vipi, linakuwa halijaulizwa kabisa. Ndivyo ilivyotokea tarehe 12 Mei 2017, WannaCry ilipoenea duniani kwa siku moja. Ilipita poti 445, kwenye toleo la kwanza la SMB, ambayo ni njia ya Windows ya kushirikiana mafaili. Haikuhitaji mtu abofye kiambatisho chochote: kompyuta iliyoambukizwa ilizitafuta yenyewe nyingine zenye 445 wazi, ikafunga mafaili ya kila iliyoipata na kudai dola 300 kwa bitcoin. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu. Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka, yaani sasisho la kuziba kasoro hiyo, tangu 14 Machi mwaka huohuo. Walioumia ni ambao hawakukiweka, na sehemu kubwa ya kompyuta zilizopatwa zilikuwa za Windows 7. Naomba uikumbuke hapo kompyuta yako ya pasipoti.

Ndiyo maana orodha ya WhatsApp haikufai. Aliyeiandika hajui ofisini kwako ni nani anaweza kuifikia poti fulani, kama programu iliyo nyuma yake imesasishwa, wala ni kazi gani itakayokwama ikizimwa. Hayo unayajua wewe, na ndiyo yanayoamua.

Kabla hujagusa kitu chochote tena, hifadhi hali ilivyo. Tafuta PowerShell kwenye menyu ya Start, ibofye kwa kitufe cha kulia, chagua Run as administrator, uandike:

Get-Service | Select Name, Status, StartType | Export-Csv C:\kabla.csv -NoTypeInformation

Halafu:

netstat -abno > C:\poti-kabla.txt

Herufi b inakuonyesha jina la programu inayoshika kila poti, na o inakupa namba yake ya utambulisho. Bila haki za msimamizi, b inakataa. Fungua faili la pili na utazame safu ya Local Address, maana kijana wa kamera alisoma namba za poti akaacha kilichotangulia mbele yake. Mstari unaoanza na 127.0.0.1 au [::1] unasikiliza ndani ya kompyuta peke yake. Hakuna mtu wa nje anayeweza kuufikia, wala usiusumbukie. Mstari wa 0.0.0.0 au [::] unapokea kutoka kila upande, na wa 192.168.1.20 unapokea kwa anwani hiyo moja. Hiyo mistari ya aina mbili za mwisho ndiyo ya kushughulikia.

Kwenye orodha yako, namba iliyonishtua ni 3389, hasa ulipotaja kile «kitu» cha kwenye ruta. 3389 ni Remote Desktop, njia ya kuitawala kompyuta ukiwa mbali. Kwa kawaida ruta haimruhusu mtu wa intaneti kuanza mawasiliano na kompyuta za ndani, na hilo peke yake linazuia mashambulizi mengi. Fundi wako inaelekea aliiagiza ruta ipeleke kila kinachokuja na 3389 moja kwa moja kwenye kompyuta ya mapokezi. Kama ndivyo, si yeye peke yake anayefika hapo. Kuna mitambo inayozunguka anwani zote za intaneti usiku na mchana ikitafuta poti hii, na ikiipata inaanza kujaribu majina kama Administrator na manenosiri maelfu kwa maelfu. Kuhamisha namba kutoka 3389 kwenda 3390, kama mafundi wengine wanavyofanya, kunapunguza kelele kidogo tu, kwa sababu wanaotafuta wanapima namba zote.

Kwa hiyo anzia hapa, na ukiweza iwe leo. Fungua ukurasa wa ruta, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, utafute sehemu inayoitwa Port Forwarding, Virtual Server au NAT. Futa mistari yote inayotaja 3389 au anwani ya kompyuta ya mapokezi. Angalia pia sehemu ya DMZ: wapo wanaoiweka kompyuta nzima humo ili wasihangaike na namba, na hapo poti zote zinakuwa zimeelekezwa kwake. Zima UPnP, ambayo inaruhusu kifaa chochote cha ndani kujifungulia njia kwenye ruta bila kukuuliza, zima WPS (njia ya kujiunga na Wi-Fi kwa kitufe au PIN), zima usimamizi wa ruta kutoka nje, na ubadilishe nenosiri la msimamizi kama bado ni lile lililobandikwa chini ya ruta. Kisha kwenye kompyuta fungua Settings, System, Remote Desktop, uizime. Laptopu ya mhasibu haina shida hii kwa sababu Windows Home haipokei Remote Desktop.

Fundi bado anaweza kukusaidia akiwa Moshi. Windows 10 na 11 zina Quick Assist, unaifungua kwa Ctrl, Windows na Q. Yeye anakutumia tarakimu za siri, unaziandika, unakubali, na unaona kila anachofanya mpaka mmalize. Anayehitaji akaunti ya Microsoft ni yeye, si wewe.

Poti 7070 inaelekea ni AnyDesk, programu nyingine ya kuitawala kompyuta ukiwa mbali, na faili lako la netstat litakuthibitishia kwa jina. Wengi hukosea hapa: hata ukiifunga 7070, AnyDesk bado inapatikana, kwa sababu inaanza yenyewe kwenda nje kwenye seva za kampuni yake na kusubiri huko, na faiawoli haizuii kinachotoka. Kinachokulinda ni mipangilio ya ndani. Ingia sehemu ya usalama ya AnyDesk, ondoa nenosiri la kuingia bila mtu kuwepo, ili kila anayeingia lazima akubaliwe na aliyekaa mbele ya kompyuta. Kama mtatumia Quick Assist, iondoe AnyDesk kabisa. Njia mbili za kazi moja hazina faida.

3306 ni hifadhidata, MySQL au MariaDB. Ofisi ya utalii kwa kawaida haina kazi nayo, na mara nyingi hubaki baada ya mtu kutengeneza tovuti kwa XAMPP na kuondoka. XAMPP imekusudiwa majaribio ya mwandaaji wa tovuti, ndiyo maana akaunti yake kuu ya hifadhidata, inayoitwa root, inakuja bila nenosiri. Muulize aliyetengeneza tovuti, na umuulize pia aliyeuza programu ya uhasibu, kama kuna kinachoitumia. Ikiwa hakuna, nakili folda ya C:\xampp kwenye diski ya nje kwa tahadhari, kisha iondoe programu nzima. Ikiwa kuna programu inayoihitaji, lakini kwenye kompyuta hiyohiyo, fungua faili la my.ini lililo C:\xampp\mysql\bin, chini ya mstari wa [mysqld] andika bind-address=127.0.0.1, uiwashe upya MySQL. Utaona kwenye netstat kwamba 0.0.0.0:3306 imegeuka 127.0.0.1:3306. Kazi inaendelea na hakuna wa nje anayeifikia. Dawa hii inafaa kwa programu nyingi za aina hiyo, na ni bora kuliko kuzima kwa pupa.

Kwa 445 jibu langu linategemea kama mnashirikiana folda. Ofisi nyingi za ukubwa wako zina folda ya safari kwenye kompyuta ya mapokezi ambayo mhasibu anaisoma. Kama na ninyi ndivyo, usizime huduma inayoitwa Server kwenye kompyuta ya mapokezi, maana hiyo ndiyo inayoigawa folda. Wala usizime Workstation kwenye laptopu, maana hiyo ndiyo inayoichukua. Punguza wanaoifikia. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, Properties, Sharing, Advanced Sharing, Permissions. Mwondoe Everyone, uweke jina la akaunti ya mhasibu peke yake. Hakikisha Password protected sharing imewashwa. Kisha andika «Windows features» kwenye sehemu ya kutafutia, fungua Turn Windows features on or off, uangalie SMB 1.0/CIFS File Sharing Support. Ikiwa ina alama ya tiki, iondoe na uwashe kompyuta upya. Windows 10 iliyowekwa upya kuanzia toleo la 1709 haiji na sehemu yake ya kugawa mafaili, lakini mafundi huirudisha ili mashine ya fotokopi ya zamani iweze kutuma skani kwenye folda. Kama mna mashine ya namna hiyo, iambie itume kwa barua pepe au kwenye flashi. Usiirudishe SMB1 kwa ajili yake.

Kwenye laptopu ya mhasibu, ambayo haigawi kitu, njia rahisi ni kuuweka kila mtandao inaoutumia kuwa Public network. Uko kwenye Settings, Network & internet, Properties. Hapo faiawoli inakataa maombi ya mafaili kutoka nje, na laptopu bado inafungua folda ya mapokezi bila shida. Hii ni muhimu zaidi siku anapofanya kazi hotelini au mgahawani.

139 na wenzake, 137 na 138, ni NetBIOS, namna ya zamani ya kompyuta kuitana kwa majina. Andika ncpa.cpl kwenye kisanduku cha Windows na R, bofya mtandao unaotumika kwa kitufe cha kulia, Properties, Internet Protocol Version 4, Properties, Advanced, WINS, uchague Disable NetBIOS over TCP/IP. Jaribu folda mara tu baada ya hapo. Njia ya mkato iliyotumia jina ikikataa, itengeneze upya kwa anwani, mfano \\192.168.1.20\safari. Hakikisha tu ruta imeiwekea kompyuta hiyo anwani isiyobadilika, la sivyo umeme ukikatika na kurudi anwani inaweza kuwa nyingine.

Hili la anwani ndilo linalotupeleka kwenye printa. 5357 ni ya huduma zinazotangaza na kutafuta vifaa kwenye mtandao. Printa nyingi za Wi-Fi, ukiziweka kwa kubofya tu «Add», Windows inazisajili kwa njia hiyo, iitwayo WSD. Ukizima Function Discovery, printa inaonekana Offline au inatoweka ingawa yenyewe ni nzima. Ichape karatasi ya mipangilio kutoka kwenye vitufe vyake, usome anwani yake, uifunge anwani hiyo kwenye ruta. Kisha iongeze upya kwa kuchagua Add a printer using an IP address, aina ya kifaa ikiwa TCP/IP Device. Kuanzia hapo kompyuta inaifuata printa moja kwa moja kwenye anwani yake, na unaweza kuzima Network discovery bila kupoteza uchapaji. Ningekushauri hivi hata kama usalama usingekuhusu, kwa sababu printa za WSD zina tabia ya kupotea ovyo.

Print Spooler yenyewe iache kwenye kompyuta zinazochapa. Mwaka 2021 iligundulika kasoro kubwa ndani yake, iliyoitwa PrintNightmare, na kiraka kilitolewa. Kwa kuwa kila kompyuta yako inaweza kuchapa yenyewe moja kwa moja, ya mapokezi haina sababu ya kupokea kazi za wengine. Kwenye Windows Pro andika gpedit.msc, nenda Computer Configuration, Administrative Templates, Printers, uweke Disabled kwenye Allow Print Spooler to accept client connections. Washa kompyuta upya, uchape ukurasa mmoja kuhakikisha.

7680 ni ya Windows kugawana masasisho. Ukinunua bando kwa vipimo, hii ni msaada: kompyuta moja inashusha, nyingine zinachukua kwake. Iweke tu kwenye Devices on my local network, isije ikawapelekea watu wa intaneti kwa bando lako. 135 na zile za 49 elfu ni mawasiliano ya ndani ya Windows yenyewe. Usijaribu kuzima RPC, huduma inayoyaendesha, kompyuta haitafanya kazi vizuri, na faiawoli inatosha kuzikinga. 5040 nayo iache.

Umeuliza kama antivairasi na faiawoli hazitoshi. Antivairasi hutazama mafaili na mienendo, mara nyingi baada ya kitu kuwa kimeshaingia. Faiawoli ya Windows ni nzuri kweli, usiizime kamwe wala huduma yake, lakini inafuata ulichokiruhusu. Ulipouweka mtandao kuwa Private na kukubali kushirikiana mafaili, uliiambia imruhusu kila aliye kwenye mtandao wa ndani. Na kwako, mtandao wa ndani una wageni.

Kwa hili sina namna ya kulilainisha: simu na laptopu za watu usiowajua ziko upande uleule wa faiawoli na pasipoti za wateja wako. Mgeni hana haja ya kuwa mwizi. Laptopu yake iliyoambukizwa inatosha. Kama ruta yako ina Guest Network, iwashe leo, ipe nenosiri lake, uhakikishe hakuna tiki kwenye sehemu inayowaruhusu wageni kufika mtandao wa ndani. Kama haina, nunua ruta ya pili, lakini uangalie mpangilio, maana wengi huuweka kinyume. Ukiifunga ruta ya wageni nyuma ya ruta ya ofisi, mgeni anapita kwenye mtandao wa ofisi akielekea nje, na anaweza kuzifikia kompyuta zako. Wageni wabaki kwenye ruta iliyopokea intaneti. Ruta mpya ichukue waya kutoka hapo, na kompyuta zote za ofisi pamoja na printa zikae nyuma yake. Ofisi ikiwa na ruta mpya, anwani zake zitabadilika, kwa hiyo ifanye kazi hii kabla ya kufunga anwani ya printa. Kinasa picha cha kamera nacho kibadilishie nenosiri alilolikuta kijana. Mwaka 2016 programu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na vinasa vingi sana kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani.

Kompyuta ya Windows 7 haitengenezeki kwa kuzima huduma. Microsoft iliacha kuitolea viraka tarehe 14 Januari 2020. Kama inabaki kwa sababu skana haina draiva ya Windows mpya, ichomoe waya wa mtandao, isahaulishe Wi-Fi, iskani bila mtandao na uhamishe kwa flashi inayokaguliwa kwenye kompyuta ya mapokezi. Inachosha, lakini inafanya kazi. Ukipata nafasi, nunua skana mpya. Itakugharimu kidogo kuliko usumbufu wa pasipoti za wateja kuvuja. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa viraka vya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza. Angalia Windows Update ya mapokezi inasemaje, na uone kama kompyuta hiyo inakubali Windows 11.

Ukimaliza, pima. Kwenye laptopu, ndani ya PowerShell, andika:

Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 3389

Ukiona TcpTestSucceeded : False, imefungwa. Rudia kwa 3306 na 445, kisha ihamishe laptopu kwenye Wi-Fi ya wageni na urudie zote. Huko hata 445 inapaswa kuwa False. Pima vifaa vyako mwenyewe tu. Kuingia kwenye mfumo wa mwingine bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na mtandao wa jirani au wa hoteli si wa kujaribia. Rudia kipimo hiki baada ya kila sasisho kubwa la Windows, na kila fundi anapoweka kifaa kipya.

Kuna jambo moja ambalo sitaki ulimalize peke yako. Kwa kuwa 3389 huenda ilikuwa wazi kwa muda, ni lazima kuangalia kama kuna aliyeingia. Fungua Event Viewer, Windows Logs, Security, uchuje kwa namba 4625, ambazo ni majaribio yaliyoshindwa. Kuyakuta mamia si ajabu kama njia ilikuwa wazi. Kisha chuja 4624, utafute zenye Logon Type 10, yaani zilizofanikiwa kwa Remote Desktop, uzilinganishe na siku ambazo fundi wako aliingia. Andika pia net user na net localgroup administrators kwenye PowerShell uone kama kuna akaunti usiyoijua. Ukikuta kuingia kusikoeleweka, akaunti ngeni, au antivairasi iliyozimwa bila wewe kuizima, chomoa waya wa mtandao, usifute kitu, na umwite fundi aje mwenyewe ofisini, si kwa mbali. Badilisha manenosiri ya barua pepe na benki ukitumia kifaa kingine. Ofisi yako inahifadhi nakala za pasipoti, kwa hiyo inahusika na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Taarifa za wageni zikiwa zimechukuliwa, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatakiwa kujulishwa. Toa taarifa polisi pia. Fundi akifika, mpe yale mafaili mawili ya C:\kabla.csv na C:\poti-kabla.txt kabla hajagusa chochote.